Mteja Anapoomba Taa Moja Ndogo

Kikao cha kila wiki kinaelekea kwisha. Mchoro wa sakiti umeshapitishwa, bodi za majaribio ya pili ziko njiani, kalibu ya ganda, yaani chuma ambamo plastiki ya ganda humiminwa, inasubiri ruhusa ili ianze kuchongwa. Mteja, ambaye leo amekuwa mpole tangu mwanzo, anakumbuka kitu: "Halafu mtuwekee taa moja ndogo hapo mbele, iwe inamweka, mtu ajue kifaa kiko hai. Si kazi kubwa, au?"

Meneja wa mradi anamgeukia mhandisi. Mhandisi anajibu, "Haina shida."

Jibu hilo limenikaa kichwani kwa wiki kadhaa sasa.

Si kwamba ni uongo. LED, yaani taa yenyewe, ni kijenzi kimoja, rezista ya kuupunguza mkondo wake ni cha pili, na kwenye chipu kuu bado kuna pini iliyo wazi. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kuiunganisha akiwa anasinzia. Kinachonikera ni kingine. Katika kampuni ya uhandisi wa kandarasi unabuni kifaa cha mwenzio, kwa fedha zake, kitakachouzwa kwa jina lake. Hapo "haina shida" inaweza kuwa uamuzi mzito kuliko yote ya mwezi huo, na hakuna aliyeuandika popote.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mteja anaona taa. Tuupime mzigo wenyewe.

## Mikroampea zinakwenda wapi

Tuchukue kifaa cha kawaida kabisa katika kazi hizi: kihisio cha joto na unyevu kinachotuma vipimo kwa redio, kinaendeshwa na betri moja ya kitufe aina ya CR2032, na mkataba unadai betri idumu miezi 12.

Betri hiyo huandikwa ujazo wa takriban miliampea-saa 220. Mwaka una saa 8,760. Gawanya, unapata mikroampea 25 (miliampea moja ni mikroampea 1,000): hicho ndicho kifaa kinachoruhusiwa kutumia kwa wastani, mchana na usiku.

Lakini hiyo ni hesabu ya karatasi. Mtengenezaji alipima ujazo huo kwa mzigo mdogo unaochota polepole bila kukatika. Redio haichoti hivyo. Inachota kwa mapigo, na kila pigo linashusha volti kwa sababu betri ina ukinzani wake wa ndani. Betri mpya huwa na ohimu 10 hadi 20 hivi. Ikizeeka ukinzani hupanda mara kadhaa, na baridi huuzidisha. Pigo la miliampea 15 likipita kwenye ohimu 60 linapoteza volti 0.9. Betri inayosoma volti 2.8 ikiwa imetulia inaangukia 1.9 redio inapoamka, chipu inajizima, kifaa kinaanza upya, redio inaamka tena, volti inaanguka tena. Mtumiaji anaambiwa betri imekwisha ilhali ndani bado mna chaji.

Ndiyo maana mhandisi mwangalifu hahesabu 220. Anahesabu asilimia 80 yake, yaani miliampea-saa 176, na bajeti ya mwaka inashuka hadi mikroampea 20.

Matumizi kabla ya taa yako hivi. Chipu ikiwa usingizini, 3. Kihisio, kwa wastani, 2. Redio inachota miliampea 15 kwa milisekunde 6 kila sekunde 10, ambayo ni wastani wa mikroampea 9. Jumla 14. Gawanya 176 kwa hiyo na utapata kama saa 12,570, karibu miezi 17. Mkataba unataka 12, kwa hiyo kuna nafasi ya kupumua.

Sasa washa taa. Miliampea 2, milisekunde 10, kila sekunde 2. Wastani wake ni mikroampea 10.

Taa inakula kuliko redio.

Jumla inakuwa 24, na betri inaishi saa 7,330 hivi. Miezi 10. Kifaa kilichokuwa kinatimiza mkataba kwa ziada ya miezi 5 sasa kinauvunja kwa miezi 2, na kimeuvunja kwa ombi la mwenye mkataba mwenyewe.

Rangi nayo ina neno lake. Wateja wengi hupenda bluu. LED ya bluu, kama nyeupe, inahitaji karibu volti 3 ili iwake vizuri. Nyekundu inatosheka na volti 2 hivi. Betri ya volti 3 ikishuka hadi 2.6, kifaa kinaendelea kufanya kazi bila wasiwasi, lakini taa ya bluu imeshafifia au imezimika. Taa iliyowekwa kutangaza uhai wa kifaa inatangaza kifo ambacho hakijatokea.

Hapo mtu huja na suluhisho la haraka: weka kapasita kubwa, kijenzi kinachohifadhi chaji kwa muda mfupi, sambamba na betri, ibebe mapigo. Wazo si baya, ila lina mtego. Kapasita ya elektroliti ya mikrofaradi 100, volti 6.3, huja na karatasi inayoruhusu uvujaji wa hadi 0.01 mara ujazo mara volti. Kokotoa: mikroampea 6.3. Kwa kawaida huvuja kidogo kuliko hapo, lakini hicho ndicho kikomo ambacho mtengenezaji anakubali kuwajibika nacho, na ni karibu theluthi ya bajeti yote. Kapasita za kauri huvuja kidogo, lakini zile za umbo dogo hupoteza sehemu kubwa ya ujazo wao mara tu unapoziwekea volti. Ukisoma namba iliyo kwenye lebo bila kuangalia mchoro wa ujazo dhidi ya volti, umenunua nusu ya ulichodhani.

Kuna na kosa la programu ambalo hujirudia sana. Saa ya redio inahesabu sekunde 10, ya taa inahesabu sekunde 2, na zote huanzia sifuri betri inapowekwa. Kila mmweko wa tano unaangukia juu ya pigo la redio. Miliampea 15 zinakuwa 17, katika sekunde ileile ambayo betri dhaifu ilikuwa inajikongoja. Tiba yake ni kusogeza saa ya taa kwa milisekunde mia moja tu, lakini lazima awepo mtu wa kuligundua, na huwezi kuligundua kwa mita ya kawaida. Mita hiyo haina mbio za kufuata mapigo, na kwenye kipimo cha mikroampea ukinzani wake wenyewe unaweza kukizima kifaa redio ikiamka. Tumia kichanganuzi cha mkondo, au rezista ya ohimu chache na osiloskopu, chombo kinachochora volti zinavyobadilika.

## Mwanga unahitaji njia

Haya yote bado hayajafika kwenye ganda.

Ukitoboa tundu na kuweka kijiti cha plastiki angavu cha kupitisha mwanga, umefungua mlango mpya wa maji. Ikiwa mkataba unadai IP67, yaani kifaa kikae kwenye maji ya kina cha mita 1 kwa dakika 30, tundu hilo linahitaji gundi au gasketi, na jaribio la maji linarudiwa kutoka mwanzo.

Njia nadhifu zaidi ni kuacha ukuta wa plastiki nyeupe uwe mwembamba mahali pamoja, milimita 0.6 hadi 0.8, mwanga upenye bila tundu. Hapa ndipo wahandisi wa sakiti hujikwaa, kwa kuwa kalibu ina mantiki ya kinyume. Kuongeza plastiki ni kuchonga chuma zaidi, kazi rahisi. Kupunguza plastiki ni kuongeza chuma mahali ambapo kimeshaondolewa: kuchomelea na kusaga upya, au kutengeneza kipande cha kupachika. Ombi lilelile, likija kabla kalibu haijachongwa, ni mabadiliko ya mchoro ya alasiri moja. Likija baada ya hapo, ni kalibu kurudishwa karakana.

Bodi yenyewe nayo inapangwa upya. Sehemu ya mbele ya vifaa vidogo mara nyingi ndiyo ya antena, na antena inataka eneo lisilo na shaba kuizunguka. LED na njia zake zikisogea hapo, antena inahama masafa na umbali wa mawasiliano unapungua bila kelele yoyote. Hakuna kitu kinachoungua. Malalamiko ya wateja tu yanaongezeka.

Kisha kiwanda. Kiunzi cha kupimia bodi kilichokuwa kinasoma volti na redio sasa kinatakiwa kione mwanga. Aidha unaweka kihisio cha mwanga, au unamwachia mtu aangalie kwa macho, na macho huchoka. LED ni kijenzi chenye upande, na alama ya katodi, yaani upande wake hasi, haifanani kwa watengenezaji wote. Ofisi ya ununuzi ikibadilisha chapa kwa sababu ya uhaba, kundi zima linaweza kutoka likiwa na taa zilizogeuzwa.

## Saa za nani?

Sasa tuzungumze fedha. Hapo ndipo "haina shida" inapozaliwa.

Kandarasi nyingi za uhandisi ziko za namna mbili. Kuna bei ya jumla isiyobadilika, na kuna malipo kwa saa pamoja na vifaa. Kwa bei ya jumla, kila saa ya taa inatoka mfukoni mwa kampuni, kwa hiyo mhandisi anabanwa kati ya kumkatalia mteja na kumeza saa. Wengi humeza. Wanaifanya jioni, hawaiandiki kwenye jedwali la saa, na meneja anafurahi kwamba mradi uko ndani ya bajeti.

Madhara ya kumeza saa hayaonekani kwenye mradi huo. Yanaonekana kwenye ule unaofuata. Tuseme bodi imechukua saa 160 lakini jedwali linasema 120. Kampuni inapokadiria kazi mpya inayofanana, inafungua kumbukumbu zake na kuandika 120. Mradi mpya unazaliwa ukiwa umechelewa, na mhandisi atakayeurithi atameza tena. Baada ya miradi kadhaa kampuni inaamini kwa dhati kwamba ina watu wavivu.

Kumbukumbu za saa huandikwa kwa vipande, ofisi nyingine dakika 6, nyingine dakika 15. Si lazima kila kipande kilipiwe, ila kiandikwe. Kampuni inayotaka kumfanyia mteja hisani na iifanye kwa uwazi: fungua kifungu cha "mabadiliko yasiyolipiwa", saa zote ziingie humo, na ankara imwonyeshe mteja saa hizo zikiwa na bei ya sifuri. Hisani isiyoonekana haimfundishi mteja chochote, na kikao kinachofuata ataomba taa ya pili.

Kwa malipo ya saa kishawishi kinageuka. Kila ombi ni mapato, na wenye kampuni hawana haraka ya kuuliza kama taa ina maana. Mhandisi anayesema "subiri, hii itapunguza umri wa betri" anajikatia kazi mwenyewe.

Ajabu ni kwamba njia zote mbili zinamfikisha mteja palepale: hakuna aliyemwambia kuhusu miezi 10.

## Ukurasa mmoja, na bei iwe mwisho

Nimefikia kuiona hati ya mabadiliko, karatasi inayoandikwa mteja anapoomba kitu kipya, kwa jicho jingine. Katika ofisi nyingi ni karatasi ya mauzo, inayojazwa na meneja, na mstari wake muhimu ni wa fedha. Mhandisi anaiona kama ugomvi na hujitenga nayo.

Mimi naona ni karatasi ya hesabu ambayo kwa bahati ina bei chini yake.

Iandike ndani ya siku moja au mbili, ombi likiwa bado moto. Anza na maneno ya mteja mwenyewe jinsi alivyoyasema, usiyapambe. Chini yake andika sababu ya ombi, na kama huijui, piga simu uulize. Kwenye mfano wetu jibu huwa la kawaida: watumiaji wa toleo la kwanza walikuwa wanapiga simu wakiuliza kama kifaa kinafanya kazi. Kumbe mteja hahitaji taa inayomweka mwaka mzima. Anahitaji mtu aliyeweka betri leo ajue kwamba ameiweka sawasawa, na mtu mwenye shaka baada ya miezi 6 apate namna ya kuuliza.

Hapo chaguo zinajitokeza zenyewe. Ya kwanza: taa kila sekunde 2, betri miezi 10. Ya pili: kila sekunde 10, wastani wa mikroampea 2 badala ya 10, betri miezi 15. Ya tatu: taa imweke kwa dakika 5 baada ya betri kuwekwa, kisha inyamaze hadi mtu asogeze sumaku kwenye alama iliyo ubavuni, ambapo swichi ndogo ya sumaku iliyo ndani inaiwasha kwa muda mfupi. Hakuna tundu la kitufe, na umri wa betri hauguswi kwa kiasi cha kupimika.

Kisha taja vitu vitakavyoguswa: mchoro wa sakiti, bodi, orodha ya vijenzi, programu, ganda, kiunzi cha kupimia, maelekezo ya kiwandani. Taja majaribio yatakayorudiwa na kwa nini. Andika tarehe ambayo baada yake hesabu hii haifai tena. Kwa kawaida ni siku kalibu inapoanza kuchongwa. Mwisho kabisa, siku na fedha.

Mteja akisoma kwa mpangilio huo hufika kwenye bei akiwa ameshafanya uamuzi. Ukianza na bei, hasomi kilichobaki.

## Kansas City, 1981

Wenye kudhani nazidisha mambo kwa ajili ya taa wakumbuke tarehe 17 Julai 1981. Katika hoteli ya Hyatt Regency mjini Kansas City, Marekani, madaraja mawili ya ndani yaliyoning'inizwa juu ya ukumbi yalianguka na kuua watu 114.

Mchoro wa awali ulikuwa na fimbo za chuma zinazoshuka kutoka darini, zikipita kwenye mihimili ya daraja la ghorofa ya nne hadi la ghorofa ya pili. Kujenga hivyo kulitaka fimbo ndefu zichongwe hesi za nati sehemu kubwa ya urefu wake. Kwa hiyo zikagawanywa mara mbili: seti moja ikalishika daraja la juu, nyingine ikalining'iniza la chini kutoka kwenye la juu. Kwenye karatasi inaonekana kitu kilekile. Lakini nati zilizo chini ya mihimili ya ghorofa ya nne, ambazo awali zilibeba daraja moja, sasa zikabeba mawili.

Uchunguzi ulionyesha kwamba hata mchoro wa kwanza haukufikia matakwa ya kanuni za ujenzi za jiji, na mabadiliko yaliuzidishia mzigo maradufu. Michoro ya kiwandani ilikuwa na muhuri wa wahandisi. Hakuna aliyekuwa amekikokotoa kiungo kile upya, kila upande ukiamini kwamba upande mwingine ndio wenye kazi hiyo.

Hii ndiyo hatari halisi ya kazi ya kandarasi. Kampuni moja inabuni, nyingine inachonga, ya tatu inaunganisha, ya nne inauza. Kila mpaka kati yao ni mahali ambapo hesabu inaweza kudondoka na kila mtu akaendelea kutembea.

## Saini inamaliza nini

Hadi hapa ningeweza kufunga mjadala: andika hati, mteja asaini, endelea na kazi. Kwa muda hivyo ndivyo nilivyotaka kuiandika makala hii.

Ila saini nayo ina mipaka.

Tuseme mteja amesoma chaguo zote tatu na kuchagua ya kwanza. Anataka taa kila sekunde 2, anaona miezi 10 inatosha. Soko ni lake, fedha ni zake. Asaini, nami nitachora. Kisha anaongeza ombi linalofuatana na lile: kwa kuwa betri sasa itabadilishwa mapema, mfuniko wake ufunguke kwa kidole, bila bisibisi, mtumiaji asisumbuke.

Hati ya pili inaweza kuandikwa vizuri kama ya kwanza. Hesabu zipo, bei ipo, saini ipo. Lakini CR2032 ina kipenyo cha milimita 20, na betri ya ukubwa huo ikimezwa na mtoto inaweza kukwama kwenye umio. Mkondo unapita kwenye ute, unatengeneza kemikali kali ya alkali, na ndani ya saa 2 tu inaweza kuunguza nyama vibaya sana. Hata betri iliyoshindwa kuendesha kifaa bado ina volti ya kutosha kufanya hivyo. Marekani ilitunga sheria ya jambo hili mwaka 2022, Reese's Law, na kiwango cha usalama cha UL 4200A kinachoambatana nayo kinataka mfuniko wa betri za aina hii ufunguliwe kwa zana, au kwa vitendo viwili tofauti vya mkono vinavyofanyika kwa pamoja.

Mtoto huyo hakuwa kikaoni. Hakusaini.

Basi nimejiwekea mgawanyo huu, na sidai ni wa kisheria. Hasara ambayo itamwangukia mteja mwenyewe, iwe ya fedha, sura au mauzo, mteja ana haki ya kuisaini baada ya kuonyeshwa namba. Hasara itakayomwangukia mtu ambaye hakuwepo mezani, saini ya mteja haiifuti. Kanuni za maadili za NSPE, chama cha wahandisi wataalamu cha Marekani, zinamtaka mhandisi awe wakala mwaminifu wa mteja wake, na pia zinaweka usalama wa umma mbele ya yote. Siku nyingi mambo hayo mawili hayagongani. Mfuniko wa betri ni siku yanapogongana.

Na hapa wasiwasi wangu haujaisha, maana mhandisi wa kandarasi hana nguvu nyingi. Meneja anaweza kumpa mwingine mchoro huo. Mteja anaweza kuchukua mafaili yake na kwenda kampuni ya jirani. Kilicho mkononi mwake ni namna ya kukataa. Kukataa kwa maneno matupu hushindwa karibu kila mara. Kukataa kunakokuja na mchoro hushinda mara nyingi: droo ndogo ya betri inayotoka kwa kubana pande mbili na kuvuta kwa wakati mmoja, au mfuniko wa skrubu ambayo inabaki imeshikamana nao hata ikilegezwa, kwa sababu skrubu inayodondoka hupotea na mtumiaji hufunga mfuniko kwa utepe. Weka michoro yote miwili mezani ikiwa na gharama zake, taja kifungu cha kiwango, peleka kwa maandishi kwa meneja na kwa mkuu wa ufundi. Ikishindikana, usiuidhinishe mchoro kwa jina lako.

Uchaguzi wa taa ndio ulioleta suala la mfuniko. Kama mtu angepiga simu ile ya kuuliza "kwa nini", kuna uwezekano mkubwa mteja angechagua sumaku, betri ingevuka mwaka kwa raha, na ombi la mfuniko wa kidole lisingezaliwa.

## Faili linaloondoka

Mradi wa kandarasi una siku ambayo unaacha kuwa wako. Malipo ya mwisho hufungwa kwenye makabidhiano, kwa hiyo makabidhiano hufanywa kwa haraka, na uhandisi wa miezi unafungashwa alasiri moja kwenye folda iitwayo "mwisho_mpya_2".

Mteja ndiye mwenye jina kwenye lebo, na sheria humtazama yeye. Kwa vifaa vya redio katika Umoja wa Ulaya, maelekezo ya 2014/53/EU yanamtaka mtengenezaji atunze nyaraka za kiufundi kwa miaka 10 baada ya kifaa kuingia sokoni. Katika miaka hiyo kampuni iliyobuni inaweza kufungwa, na mhandisi hakika atakuwa kwingine. Mafaili ya picha peke yake hayatoshi. Mpe michoro inayoharirika, mafaili ya kutengenezea bodi, ya mashine ya kupachika vijenzi, orodha ya vijenzi yenye namba kamili za mtengenezaji na mbadala mmoja uliojaribiwa kwa kila kijenzi kinachoweza kuadimika. Mpe programu ya kifaa pamoja na toleo halisi la kikusanyaji (compiler, kinachogeuza msimbo uwe programu ya chipu) kilichotumika, na funguo za kutia saini programu zikabidhiwe kwa njia salama, zisitumwe ndani ya barua pepe.

Njia moja tu ya kujua kama faili limekamilika ni kulijaribu. Chukua kompyuta isiyo na kitu, mpe mhandisi ambaye hakuwa kwenye mradi, mwambie ajenge programu kwa kufuata maelekezo pekee, bila kumuuliza mtu. Linganisha alichopata na kile kilichoko kwenye vifaa. Visipofanana, angalia kwanza kama tarehe ya kujengwa imeingizwa ndani ya programu. Mara nyingi ndiyo sababu. Usipoikuta, una tatizo, na ni bora ulikute wakati mwandishi wa programu bado yuko ofisini.

Hati za mabadiliko ziingie humo zote, pamoja na zilizokataliwa. Mhandisi atakayefungua faili miaka 4 baadaye akitaka kuweka taa atakuta kwamba swali limeshaulizwa na hesabu yake ipo.

Na kuwe na ukurasa wa vitu ambavyo havikujaribiwa. Kwa kifaa chetu ungesomeka kama hivi: umri wa betri umekokotolewa na kupimwa kwa chapa mbili tu, chini ya nyuzi sifuri haukupimwa, jaribio la maji lilifanywa kwa ganda la kalibu ya kwanza, kabla ukuta haujapunguzwa. Watu wa mauzo watataka ukurasa huo utolewe kwa hoja kwamba unamtisha mteja. Mimi ningeuacha, tena ningeuweka mbele, mara baada ya maelekezo ya kujenga programu, mahali ambapo mtu wa kiwandani ataufikia kabla hajaagiza vijenzi.